Baisepsi Si Mwinuaji Mkuu

Mtu akiambiwa aonyeshe nguvu, hukunja kiwiko na kutunisha baisepsi, ule msuli wa mbele ulio kati ya bega na kiwiko, na wengi huamini ndio unaovuta ndoo kisimani. Mahali ulipojishikiza panaonyesha kazi nyingine inayoufaa zaidi. Kano yake ya chini imeshika mfupa wa upande wa kidole gumba, ambao huzunguka kila tunapogeuza kiganja. Baisepsi ikijivuta, kiganja hugeukia juu. Fundi anayekaza skrubu kwa mkono wa kulia hutumia mzunguko huohuo, na hukunja kiwiko bila kufundishwa, maana katika pembe mraba ndipo baisepsi huzungusha kwa nguvu zaidi.

Mwinuaji wa kudumu amefichwa chini yake. Brakialisi huanzia nusu ya chini ya mfupa wa mkono wa juu na kuishia kwenye mfupa wa upande wa kidole kidogo, ambao hauzunguki. Kwa hiyo kiganja kitazame kokote, yenyewe hukunja kiwiko tu. John Basmajian, aliyepima na mwenzake umeme wa misuli hii katika utafiti wa 1957, aliikuta brakialisi ikifanya kazi katika kila mkao, ilhali baisepsi ilichangia kidogo sana kiganja kilipotazama chini. Inaeleweka: ingejivuta hapo, ingekigeuza kiganja bila mwenyewe kutaka. Na mtekaji maji huishika kamba karibu hivyohivyo.

Atakayepinga atasema wanyanyua vyuma hukuza baisepsi kwa kukunja kiwiko. Ni kweli, lakini wengi hunyanyua viganja vikitazama juu, mkao ambao msuli huo hukunja bila kizuizi. Ushahidi mzito zaidi unatoka kwa waliokatika kano ya chini ya baisepsi: wasipofanyiwa upasuaji, hupoteza takriban asilimia 40 ya nguvu ya kugeuza kiganja na takriban 30 ya kukunja kiwiko. Hasara ya asilimia 30 si ndogo, nami sidai baisepsi haiinui kitu. Ila sehemu kubwa ya kukunja inabaki hata isipokuwepo.

Wapo pia wanaodhani kwamba kutua ndoo taratibu ni kazi ya traisepsi, msuli wa nyuma, kwa kuwa ndio unaonyoosha kiwiko. Hapa kinachonyoosha ni uzito wa maji, na misuli ya mbele hurefuka huku ikiuzuia usishuke kwa kishindo. Traisepsi, iliyo kubwa kuliko yote ya mkono wa juu, huhitajika tunaposukuma: kukanda unga wa chapati, kusukuma mkokoteni, kujiinua kitini kwa mikono.