Akili Mnemba katika Huduma za Jamii: Istilahi Zimtaje Mtendaji

Katika miaka hii ya karibuni, mashirika yanayohudumia jamii yameanza kuitumia akili mnemba katika kazi zao za kila siku: kupanga barua, kufupisha taarifa, kufasiri na kuwajibu wananchi. Miongozo ya kazi hizo hutafsiriwa kwa Kiswahili, na baadhi ya tafsiri zimetufikia. Mabishano juu ya jina lenyewe, kama liwe akili bandia, akili unde au akili mnemba, yamechukua nafasi kubwa. Nalo jambo hilo si dogo, maana bandia ni kitu cha kughushi. Hata hivyo, twaona kwamba kasoro iliyo nzito zaidi imo katika istilahi za hatua za kazi.

Tuchukue mfano wa Kenya. Huduma ya PROMPTS ya shirika la Jacaranda Health hupokea maswali ya wajawazito na ya waliojifungua kwa ujumbe mfupi wa simu. Programu hulisoma swali na kukadiria uzito wake, na swali lenye dalili ya hatari hufikishwa kwa wahudumu. Mwaka 2023 shirika hilo lilitoa UlizaLlama, modeli ya lugha iliyofunzwa Kiswahili juu ya msingi wa Llama ya kampuni ya Meta. Hapa basi wapo watendaji wawili, mtambo na mtu, na usalama wa mama hutegemea kujulikana nani afanya lipi.

Sasa tuzitazame tafsiri. Dhana ya mtu anayeikagua kazi ya mtambo kabla haijatoka tumeikuta ikiitwa "binadamu katika kitanzi". Mfasiri ameiona sura ya duara katika lugha ya kigeni akaihamisha kama ilivyo. Lakini kitanzi kwa Mswahili ni kamba ya kunasia au ya kunyongea; msomaji atamhurumia mtu huyo badala ya kumtarajia afanye kazi. Twapendekeza "uhakiki wa mtu", na mwenye kazi hiyo aitwe "mhakiki". Vilevile "mtiririko wa kazi" si kosa, ila maji hutiririka yenyewe. "Hatua za kazi" humlazimisha mwandishi kuuliza kila hatua ni ya nani. Majibu ya uongo ya mtambo nayo yameitwa "maluweluwe". Maluweluwe humpata mgonjwa wa homa, naye husamehewa. Mtambo hauumwi. "Jibu lisilo na msingi" ni refu zaidi, lakini laonyesha kwamba yupo aliyepaswa kuutafuta msingi huo.

Yafaa ikumbukwe pia kwamba lugha ya wananchi ina ugumu wake. Mjamzito akiandika "nasikia uchungu", huenda ana maana ya maumivu yoyote, kama wasemavyo wengi nchini Kenya. Huenda pia ni uchungu wa kuzaa. Akiandika "chupa imepasuka", hazungumzii vyombo vya nyumbani. Mtambo uliojifunza zaidi kwa maandishi ya Kiingereza waweza kukosea katika yote mawili. Kwa hiyo mhakiki ajuaye Kiswahili cha mahali hapo ni wa lazima, naye ni vigumu kuwekwa kazini ikiwa mwongozo haumtaji.

Hatuna budi kukiri kwamba ufupi ni sifa njema ya istilahi. Lakini ufupi unaomficha mwenye dhamana ni hasara kwa anayehudumiwa. Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa umma waandike "mtambo umependekeza, muuguzi amejibu", wala wasiandike "jibu limetolewa". Jibu likikosewa, mama atajua amwendee nani, na shirika litajua limwulize nani.

Wasomaji wenye istilahi bora kuliko hizi wanaombwa watuletee, pamoja na mifano ya matumizi yake.