Siena: Uwanja Uliojengwa kwa Kufuata Maji

Piazza del Campo, uwanja mkuu wa mji wa Siena nchini Italia, upo pale vilima vitatu vinapokutana, na ardhi yake imeinama. Mvua ikinyesha, maji ya juu yote hutafuta njia ya kushukia hapo. Wajenzi wengine wangefukia bonde wakapata tambarare. Wasiena waliuacha mteremko, kisha wakapanga kila kitu kwa kuufuata, na kwangu mimi uzuri wote wa uwanja huu umezaliwa na uamuzi huo.

Tazama sakafu kwanza, maana ndiyo kazi kubwa. Ilikamilika mwaka 1349, kwa matofali mekundu ya kuchoma yaliyolazwa mshazari, moja likilikabili jingine. Kwenye mteremko, tofali lililopangwa hivyo likisukumwa huegemea majirani zake, na safu nzima haitelezi kirahisi. Mistari minane ya jiwe jeupe la travertino inashuka kutoka ukingo wa juu na kuugawa uwanja vipande tisa, kama mbavu za kombe. Tisa ni idadi ya wakuu wa baraza lililotawala Siena tangu 1287 hadi 1355. Walijiandika sakafuni, naam, lakini angalia mistari inakoelekea: chini kabisa, kwenye mdomo wa mfereji unaomeza maji ya mvua.

Mbele ya mdomo huo limesimama Palazzo Pubblico, jumba la serikali ya mji. Uso wake umepinda kidogo kwenda ndani ili ulingane na duara la uwanja. Mnara wake, Torre del Mangia, uliojengwa kati ya 1338 na 1348, unaanzia pahali pa chini kuliko pote, ndiyo maana ulilazimika kupanda mita 88 hivi ili uonekane juu ya mji. Nyumba za pembeni nazo hazikuachiwa zijiotee: kanuni ya 1297 ilizitaka ziwe na madirisha yenye nguzo ndogo katikati, ikakataza roshani.

Lipo pia suala la maji ya kunywa. Siena haina mto. Kwa vizazi kadhaa mafundi walichimba mahandaki chini ya mji, yaitwayo bottini, yenye urefu wa kilomita 25 hivi, yakiinama kidogo tu ili maji yatembee yenyewe bila pampu. Mwaka 1342 maji yalifika uwanjani, yakatokea upande wa juu, ilipo chemchemi ya Fonte Gaia. Jacopo della Quercia aliipamba kwa sanamu za marumaru alizozimaliza 1419. Zilizopo leo ni nakala za Tito Sarrocchi za karne ya 19.

Mara mbili kwa mwaka, tarehe 2 Julai na 16 Agosti, pembezoni mwa uwanja humwagwa udongo na farasi kumi hukimbia mizunguko mitatu ya mashindano ya Palio, huku umati umesimama katikati. Hapo mteremko hauna huruma. Kwenye kona ya San Martino njia inashuka na kukata kulia kwa ghafla, na kasi inayoongezwa na mteremko humrusha mpanda farasi nje. Kwa hiyo kabla ya mbio kuta za kona hiyo hufunikwa magodoro.