Viti 31

Saa kumi na robo alasiri ya Idi pili, MC alishika kipaza sauti akatangaza mchezo wa kugombea viti, na sikukuu ya watoto wa mtaa wetu ikaharibikia hapo. Nalisema mapema ili nisieleweke vibaya huko mbele: pilau ilikuwa nzuri, turubai lilikuwa imara, ratiba ilipangwa na watu makini, na uamuzi ule mmoja ukala nusu ya kazi yao. Wengi mlikuwepo. Wasiokuwepo wameiona video inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, ile yenye muziki na vifijo. Lakini simu iliyorekodi ilielekezwa kwenye viti. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa pili, karibu na tangi la maji, walikokuwa wanakuja kukaa waliotolewa.

Yaliyofanyika sawa nayataja kwa ufupi. Kamati ya akina mama iliiweka shughuli Idi pili, na hiyo ndiyo kanuni, kwa sababu Mfunguo Mosi haujulikani mpaka mwezi uandame, na nyama ya kuwatosha watoto zaidi ya 30 hainunuliwi kwa kubahatisha. Turubai lilifungwa tangu asubuhi, maana miaka hii Idi inatuangukia masika. Pilau ilipakuliwa kwenye masinia, watoto watano watano, si kwenye vile visahani vya foili nilivyovilalamikia hapa mwaka jana. Mtoto mgeni akishanawa na kutia mkono kwenye sinia moja na wenzake, urafiki umeanza kabla hajaulizwa jina. Na kila mtoto wa mtaa aliambiwa aje na rafiki mmoja, wa shuleni au wa madrasa, Mwislamu au Mkristo. Hilo la rafiki mmoja ni wazo bora kuliko yote niliyoyaona katika sikukuu za mtaa huu kwa miaka mingi. Likumbukeni, kwa kuwa ndilo lililoumizwa na viti.

Sasa tuje kwenye uamuzi wenyewe. Ratiba iliyobandikwa ukutani ilisema saa kumi na robo ni kuvuta kamba. Kamba ilikuwepo, ya katani, imeviringwa chini ya meza ya vinywaji. Muda mfupi kabla ya hapo manyunyu yakaanza. MC akatazama juu, akatazama viti vya plastiki vilivyokodiwa kwa ajili ya wazazi, akasema watoto wasiloe, tucheze hapa hapa. Viti 31 vikapangwa safu mbili zilizopeana migongo, watoto 32 wakazunguka, muziki ukapigwa.

Raundi ya kwanza alitoka binti wa miaka kama sita, mwenye gauni jipya la rangi ya waridi. Muziki ulipokatika alikuwa ameinama, anafunga kiatu kilichomfunguka. Hakulia. Alikuja mpaka kwenye ngazi ya tangi, akakaa, akavua viatu vyote viwili akavipanga kando yake sawasawa, kama mtu aliyesharudi nyumbani. Viatu vya Idi, vilivyongojewa mfungo mzima, vilivuliwa kabla ya saa kumi na dakika ishirini.

Raundi ya pili alitoka mvulana aliyeletwa na rafiki yake wa shule. Katika watoto wote wale alikuwa anamjua mmoja tu, na huyo mmoja alikuwa bado anazunguka viti, akaendelea kuzunguka mpaka raundi ya 19. Mgeni akakaa na mikono katikati ya magoti. Baada ya muda akanigeukia: "Shikamoo mjomba, hivi inaisha saa ngapi?" Nilimjibu marahaba, la saa sikuwa na jibu.

Halafu likatokea jambo ambalo video haina. Waliotolewa walipofika wanane au tisa, mmoja wao aliokota chupa tupu ya maji, akaisimamisha chini, akafumba macho akaanza kuhesabu. Wasichana wawili walikwishapotelea nyuma ya tangi. Yule wa gauni la waridi akakimbia peku kwenda kujificha nyuma ya mlango wa jiko. Watoto walikuwa wamejitengenezea kombolela bila MC wala spika, na kwa dakika mbili hivi pale palikuwa na sikukuu. Mzazi mmoja akaja, akaichukua ile chupa, akawaambia wakae watulie wawaangalie wenzao, wasivuruge mchezo. Wakakaa. Nia yake ilikuwa njema, alitaka utaratibu. Lakini mchezo unaowalazimu waliocheza kukaa kimya ili uendelee haukufaa kuchezwa na watoto siku ya Idi.

Tufanye hesabu, kwa sababu watu hudhani mchezo huu ni wa dakika kumi. Watoto 32 na viti 31, kila raundi anatoka mmoja: ni raundi 31 mpaka abaki mshindi. Raundi moja ina kuzunguka, kugombea, kubishana nani alikaa kwanza, kuondoa kiti na kupanga upya. Nilizitazama kwa saa, zilikuwa na wastani wa dakika moja na nusu. Raundi 31 ni dakika 46 na nusu. Binti wa kwanza alingojea raundi 30, yaani dakika 45. Ilipopita raundi ya 16, nusu ya watoto walikuwa wamekaa, na bado zilibaki raundi 15. Ukijumlisha subira ya kila mtoto, mmoja mmoja, unapata raundi 465. Kwa dakika moja na nusu kila raundi, ni zaidi ya saa 11 za utoto zilizokaliwa kwenye ngazi ya tangi, ndani ya shughuli ambayo muda wake wote wa michezo ulikuwa saa moja na nusu.

Hesabu haisemi nani anatoka kwanza, na hapo ndipo penye ubaya zaidi. Umri ulikuwa kuanzia miaka mitano hadi 12. Kwenye viti anatoka kwanza mdogo, maana miguu yake mifupi. Anatoka mgeni, maana hajui kama hapa kusukumana kunaruhusiwa. Anatoka mwenye adabu, maana ameachia kiti kwa mwenzake. Wanaobaki ni wakubwa, wenyeji na wenye viwiko. Yaani mchezo unawaweka kando wale wale ambao shughuli iliandaliwa ili waingizwe ndani. Mwisho wa yote kijana wa miaka 12 akapewa mpira, akaukumbatia, na wengine 31 wakampigia makofi kwa kuambiwa.

Utetezi naujua, nimeusikia tangu jioni ile. Wa kwanza ni mvua. Lakini mahali panapoenea viti 31 pamoja na njia ya kuvizunguka panaenea kamba pia, na kamba inachukua watoto wote 32 kwa mara moja, 16 huku na 16 kule, na timu ikishindwa imeshindwa pamoja, inacheka pamoja, inadai marudio. Wa pili ni kwamba watoto lazima wajifunze kushindwa. Nakubali, wajifunze. Ila katika kamba umeshindwa na dakika moja baadaye unavuta tena. Katika viti umeshindwa na huna la kufanya. Mtoto aliyefundishwa kwamba ukikosea mara moja unakaa pembeni mpaka wakubwa wamalize, amefundishwa kutojaribu.

Hapa inanibidi nirudi kwa bibi yangu mzaa mama, na wasomaji wa zamani wanajua sitaacha. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku 11 hivi kuliko wa kalenda ya ukutani, kwa hiyo Idi huzunguka misimu yote na kurudi ilipokuwa baada ya miaka kama 33. Mwaka 1992 iliangukia mwanzoni mwa Aprili, masika kama sasa. Bibi alikuwa na uani wa nyumba ya vyumba sita, mkeka, na kopo la mafuta ya kupikia lililobonyea upande mmoja. Hakuwa na kipaza sauti. Watoto tulikuwa wengi kiasi kwamba hakuna aliyetuhesabu, na nusu yetu tulikuwa marafiki wa marafiki.

Sheria yake ilikuwa moja, na hakuwahi kuisema kwa maneno: hakuna mchezo wa kutoka usio na njia ya kurudi. Angalieni kombolela ilivyojengwa. Mmoja anafumba macho kwenye kopo, wengine wanajificha. Akikuona anataja jina lako na kugonga kopo, nawe unasimama kando. Hapo unafanana na mtoto aliyekosa kiti. Tofauti ni kwamba kuna mwenzako bado yuko mafichoni, na akichomoka akalipiga kopo teke, wote mliokamatwa mko huru. Jina lenyewe limebeba neno kukomboa. Kwa hiyo uliyekamatwa hukai na mikono katikati ya magoti. Unanyoosha shingo, unamtafuta mkombozi wako kwa macho, unampigia kelele akimbie. Na mkombozi mara nyingi ni yule mdogo, kwa sababu anaenea nyuma ya pipa ambako mkubwa haenei.

Rede aliifanya vivyo hivyo. Wawili wanarusha mpira wa matambara, walio katikati wanakwepa huku wanajaza chupa mchanga. Kwa sheria za mitaa mingine ukipigwa unatoka. Kwa bibi, ukipigwa ulikwenda kurusha, na aliyekuwa anarusha akaingia katikati. Kupigwa kulikupa kazi mpya. Mvua iliponyesha kweli kweli Idi ile ya 1992, alituingiza ukumbini, tukacheza ukuti ukuti tumeshikana mikono tangu mlango wa mbele hadi wa uani, kisha waliochoka wakakaa wawili wawili kwenye mdako. Nguo zilirudi nyumbani na vumbi na matope, na mama zetu waligomba, lakini sikumbuki mtoto aliyevua viatu kwa kukosa la kufanya.

La MC nimeliandika mara nyingi na nitaliandika tena. Kijana wetu ana sauti nzuri, harusini simpingi. Lakini MC amezoea ukumbi wenye watazamaji, kwa hiyo huchagua mchezo unaotazamika, wenye mvutano unaopanda mpaka abaki mmoja. Viti vinatazamika sana. Kombolela haitazamiki hata kidogo, kwa sababu wachezaji wamejificha. Sikukuu ya watoto ikipewa mtu wa jukwaani, itageuka onyesho la wazazi wenye simu, na ndivyo ilivyokuwa. Keki nayo, ambayo sijawahi kuipatia sababu katika Idi, ilikuja saa kumi na moja na nusu, ikatumalizia muda uliobaki kwa foleni ya picha. Kamba haikuguswa mpaka Magharibi.

Mtu akiniambia nyakati zimebadilika, namwomba atazame pwani yote. Watoto wa Unguja na wa Mombasa bado wanajazana viwanjani siku za sikukuu, pesa za mkono wa Idi zimekunjwa kiganjani, wanapanga mstari wa pembea. Nao wanangoja, tena sana. Lakini wanangoja zamu. Kila pembea ikisimama mstari unasogea, na mtoto anajua anachongojea ni chake. Kungoja zamu yako na kungoja wengine wamalize ni vitu viwili tofauti kabisa, na mtoto wa miaka sita anaijua tofauti hiyo kuliko kamati yoyote.

Hata viti vyenyewe vingeweza kuokolewa. Ondoa kiti kila raundi, usimtoe mtoto. Viti vinapungua, watoto wanabaki, wanapakatana, wanabebana, wanashikana mashati ili wasianguke. Ukibaki na viti vinne na watoto 32 wanaojipanga juu yake, mdogo ndiye anayekaa juu kabisa, na mgeni ameshikwa na mikono ya watu asiowajua majina. Hakuna aliyefikiria hilo kwa sababu hakuna aliyetazama kwenye tangi.

Idi ya kuchinja iko tarehe 10 Mfunguo Tatu, haifiki miezi miwili na nusu kutoka Idi hii. Naomba kamati ibaki ile ile, maana inajua kazi. Masinia yabaki, na sharti la rafiki mmoja libaki, tena nawaomba mumtafute yule mvulana aliyeniuliza saa, aalikwe kwa jina lake. Kamba itoke chini ya meza mapema. Viti warudishiwe wazee wakalie. Kopo nitaleta mimi.