Son Jarocho Iliyoiva: Sikiliza Miguu Kwanza

Ukitaka kujua kama son jarocho unayoisikia imeiva, ziache nyuzi kwanza, sikiliza miguu. Muziki huu wa kusini mwa jimbo la Veracruz, Mexico, makao yake ni fandango, sherehe ya kukesha ambapo wapigaji huizunguka tarima, ulingo mfupi wa mbao wenye uwazi chini, na wachezaji huupanda na kuupiga kwa visigino. Tarima ndiyo ngoma yao. Mchezaji hodari hukanyaga kwa nguvu ala zinapokuwa peke yake. Mwimbaji akifungua kinywa, hulegeza hatua ili shairi lisikike. Anayetwanga mfululizo hajaujua mchezo, hata ashangiliwe vipi.

Kisha iangalie jarana, gitaa dogo ambalo kwa kawaida lina nyuzi 8 katika safu 5. Ya kuaminika huchongwa katika gogo moja, aghalabu la mwerezi wa huko, likakombwa ndani. Lakini fundi hupimwa kwa mkono wa kulia. Mapigo 6 anayagawa mara mafungu 2, mara mafungu 3, na hapohapo anazinyamazisha nyuzi kwa kiganja, mlio ukatike wakati wake. Requinto, inayodonolewa kwa kipande kirefu cha pembe ya ng'ombe, ndiyo huongoza wimbo. Mpigaji wake akijaza kila upenyo, namkata maksi: mwimbaji hutupa ubeti, mwingine humjibu, na majibizano hayo yanahitaji nafasi.

Kuitikiana huko na mapigo yanayopishana ni urithi wa Waafrika walioletwa utumwani kupitia bandari ya Veracruz, ukachanganyika na gitaa na tungo za Wahispania na maisha ya wenyeji. Marimbol, sanduku la besi lenye ndimi za chuma, ni ya ukoo mmoja na ilimba, ala ya Wagogo wa Dodoma. Watawala waliuogopa muziki wa namna hii: mwaka 1766 Baraza la Kuhukumu Uzushi lilipiga marufuku El Chuchumbé, wimbo uliowakejeli watawa.

Karne ya 20 ilileta hatari nyingine. Miguel Alemán, mzaliwa wa Veracruz aliyekuwa rais kuanzia 1946, aliitumia La Bamba, wimbo wa son jarocho, katika kampeni zake. Redio na filamu zikaupenda muziki huu ukiwa na mavazi meupe, kinubi na mbio nyingi. Mwaka 1958 mwimbaji Ritchie Valens akaifanya La Bamba kuwa roki. Tangu hapo wengi hudhani kasi ndiyo ubora. Sivyo. Kundi la Mono Blanco, lililoanza 1977 na baadaye kupiga pamoja na mwimbaji mzee Arcadio Hidalgo, lilisaidia kuirudisha fandango kwa watu wake.

Anza na sauti ya Hidalgo, kavu na isiyo na haraka. Ukijaliwa kufika mji wa Tlacotalpan, Veracruz, karibu na tarehe 2 Februari, sikukuu ya Candelaria, usikae mbele ya jukwaa kubwa. Tafuta tarima.