Fumanizi na Jina la Kosa

Kitenzi "kufumania" kina dhana ya kumkuta mtu ghafla katika jambo alilotaka lifichike, hususan uzinzi. Mfumaniwa ndiye mkosaji. Mfumaniaji ni shahidi aliyedhulumiwa. Tatizo huanza pale shahidi huyo anapoua. Mawazo yakimwacha katika nafasi ileile, marehemu hugeuzwa kuwa chanzo cha kifo chake mwenyewe.

Wakazi wa pande mbili za Ziwa Tanganyika huzungumza Kiswahili, lakini sheria zao zinatofautiana. Upande wa Kigoma, vifungu vya 201 na 202 vya Kanuni ya Adhabu ya Tanzania hubadilisha jina la kosa: aliyeua kwa ghadhabu ya ghafla, kabla haijatulia, huhesabiwa kuwa ameua bila kukusudia. Kipimo ni mtu wa kawaida wa jamii ya mshtakiwa. Hapo ndipo penye udhaifu, kwani jamii inayomwona mke kuwa mali hukifanya kipimo hicho kuwa ngao ya mume.

Upande wa Uvira na milima ya Mulenge, Kanuni ya Adhabu ya Kongo ya 1940 huliacha jina la kosa lilivyo. Kuua kwa nia hubaki kuua kwa nia; kifungu cha 18 humruhusu hakimu kupunguza adhabu tu. Njia hii ni bora, ingawa si salama. Kanuni ya Familia ya 1987 iliadhibu uzinzi wa mke moja kwa moja, ilhali ule wa mume ulihitaji kuambatana na hali za kumvunjia mke heshima vibaya. Tofauti hiyo iliondolewa mwaka 2016, lakini mazoea hayafutwi kwa kalamu. Yaweza kujificha ndani ya huruma ya hakimu.

Yaweza kudaiwa kwamba Tanzania ilihitaji mlango huo kwa sababu kosa la kuua kwa kukusudia liliwekewa adhabu ya kifo ya lazima. Hoja hiyo ina uzito, ila yaishutumu adhabu, haiitetei ghadhabu. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, iliamua kwamba ulazima huo unakiuka haki ya uhai.

Uchungu wa aliyesalitiwa ni wa kweli, nao wastahili kusikilizwa wakati wa kupima adhabu, kwa sababu zinazotajwa waziwazi. Lakini uchungu hueleza tendo tu. Haulipi jina jingine.