Juu ya Neno "Kichupa"

Wako wafasiri waandikao "chupa ndogo" mahali pa "kichupa," wakidhani kuwa ki- ni udogo tu. Sivyo. Kombe ni sahani kubwa, lakini kikombe si kombe dogo. Ni chombo kingine chenye kazi yake. Vivyo hivyo, aombaye kichupa aweza kufahamiwa kuwa ataka cha dawa, au labda cha manukato.

Wengine, kwa kupenda maneno ya kale, huweka "tunguri." Hao wamekosa zaidi: tunguri ni kibuyu cha mganga, na asikiaye huwaza uganga, si zahanati.

Lakini penye hatari ni pale iandikwapo, "Mpe mtoto kichupa kimoja." Katika Kiswahili jina la chombo huhamia kwa kilichomo. Aya huandikwa kwa zafarani juu ya kombe, zikaoshwa kwa maji, na mgonjwa husemwa "amekunywa kombe." Basi mama asomaye agizo lile aweza kumnywesha mtoto zote, mililita 60 au 100, hali tabibu alikusudia kijiko cha mililita 5 kila mara mpaka kichupa kiishe. Kijiko na kitajwe kwanza, kichupa baadaye.