Kitabu Kikali, Halafu?

Muulize msomaji wa Kiswahili kuhusu kitabu alichokipenda, atakujibu haraka: "Kitabu kikali sana." Mwingine atasema ni hatari, mwingine ni noma, na mwalimu atasema kina mafunzo mengi. Sifa hazijawahi kutupungukia. Kinachotupungukia ni sentensi ya pili, ile inayoanza na "kwa sababu".

Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikiwauliza watu wa hapa Moshi swali moja: ni kitabu gani ulikipenda kiasi cha kumwambia mwenzako akisome? Kazi ya uandishi wa habari inanikutanisha na kila aina ya mtu, kwa hiyo sikuwatafuta mbali. Niliuliza stendi, niliuliza kwenye foleni ya benki, niliuliza hata msibani Kibosho watu wakisubiri chakula. Nilichopata ni mchanganyiko wa ajabu: Rosa Mistika kando ya Shamba la Wanyama, Willy Gamba kando ya Shaaban Robert, Gurnah kando ya kitabu cha Mangi wa Marangu. Hapa sihakiki vitabu hivyo kimoja kimoja. Nahakiki sifa zake, maana sifa nazo zinasomeka.

Tuanze na Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1971 na ambayo iliwahi kupigwa marufuku mashuleni. Wanawake watatu waliitaja, na wote walitumia neno lile lile: funzo. "Inawafundisha wasichana watulie," mmoja aliniambia. Hapo nabishana. Kezilahabi anatuingiza kwanza kwenye nyumba ya Zakaria kule Ukerewe, baba mlevi anayempiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Rosa anaondoka kwenye nyumba ile akiwa hajui lolote kuhusu wanaume zaidi ya kuwaogopa. Anayesema riwaya hii inawafunza wasichana tu amemwachia Zakaria mlango wazi atoke bila kuulizwa.

Nilimwambia hivyo yule dada. Akafikiri kidogo, akasema: "Lakini kweli, yule baba ndiye aliyenikera zaidi." Sasa hiyo ndiyo sentensi ya pili! Alikuwa nayo siku zote. Shule tu ndiyo ilimzoesha kuanza na funzo, kwa sababu kwenye mtihani tunaulizwa dhamira, ujumbe na falsafa ya mwandishi. Hakuna anayetuuliza nani alitukera.

Shaaban Robert naye ana tatizo lake. Watu wengi walimtaja, tena kwa heshima: gwiji, baba wa fasihi, hana mpinzani. Nikiuliza kitabu gani, kimya. Hizi ni sifa za sanamu ya mtaani: unapita, unainua kofia, unaendelea na safari. Na ni hasara kubwa, maana Kusadikika, iliyotoka 1951 chini ya mkoloni, ni kesi ya mtu aitwaye Karama anayeshtakiwa kwa sababu ametaka watu wasome sheria. Kitabu chenye swali kali kiasi hicho hakistahili kuheshimiwa kwa mbali. Bora mtu aseme kilimchosha ukurasa wa ishirini kuliko kumwita mwandishi gwiji na kumrudisha kabatini.

Upande wa pili wa kabati kuna Elvis Musiba. Dereva mmoja wa Noah za Marangu alimsifu kwa lugha ya kazi yake: "Kufa na Kupona ukiianza hushuki mpaka Himo." Wasomi wameziita riwaya hizi fasihi pendwa, na mara nyingi neno hilo limekuwa njia ya kistaarabu ya kusema hazihitaji kujadiliwa. Mimi nilimbana dereva: kwa nini hushuki? Akaniambia, "Yule Willy Gamba ni Mtanzania anatumwa kazi, na kazi yenyewe inaeleweka. Siku hizo tulikuwa na kazi ya kufanya Afrika."

Nimesoma makala kadhaa kuhusu riwaya za upelelezi, na sidhani kama nimekutana na maelezo mafupi yanayofika mbali hivyo. Kufa na Kupona ilitoka 1974, wakati Kamati ya Ukombozi ya OAU ina makao yake Dar es Salaam na wapigania uhuru wa kusini wanaishi kati yetu. Mpelelezi wa Musiba alikuwa na nchi nzima nyuma yake iliyojua adui ni nani. Ukimsoma leo, unasoma pia ule uhakika tulioupoteza. Abiria wa kiti cha mbele, binti wa kama miaka ishirini, naye alikuwa na lake: "Wanawake wote humo ni warembo tu. Hakuna hata mmoja anayechoka?" Dereva akacheka, lakini hakuwa na jibu. Kati ya Moshi na Himo nilikuwa nimepata uhakiki kamili, sababu ya kupenda na sababu ya kutoridhika, bila mtu kutaja neno "maudhui".

Kuna sifa zinazofika kabla ya kitabu. Oktoba 2021, Abdulrazak Gurnah alipopata Nobel, tulishangilia kama goli la Taifa Stars. Tukabishana wiki nzima kama ni Mzanzibari, Mtanzania au Mwingereza. Kurasa zake wengi wetu hatukuwa tumezifungua, na si kosa la msomaji peke yake: ameandika kwa Kiingereza, na vitabu vyake si rahisi kuviona katika maduka ya mikoani. Mwaka 2022 ndipo Mkuki na Nyota walipotoa Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya yake Paradise ya 1994.

Nilimpata msomaji mmoja wa Peponi, mwanafunzi wa chuo. Nilitegemea aniambie amejivunia, labda ataje ule mji wa mlimani ambako Yusuf anapelekwa, kwa kuwa sisi watu wa Kilimanjaro tukisikia mlima tunajiona. Hakutaja mlima. Alitaja pale Yusuf, mtoto aliyetolewa kwa ajili ya deni la baba yake, anapoambiwa kwamba yule tajiri Aziz si ndugu yake kabisa. "Dada wa kazi nyumbani kwetu alikuwa anamwita mama yangu 'mama'," aliniambia. "Nilisoma pale nikafunga kitabu kwanza. Hata jina lake la ukoo silijui."

Hakusema kitabu ni kikali. Hakusema kina funzo. Lakini sijasikia mtu akikisifu kitabu zaidi ya hapo. Gurnah ameandika juu ya biashara ya pwani na bara zaidi ya miaka mia iliyopita, na sentensi za binti huyu zimeihamishia jikoni, Moshi, jana.

Sifa niliyoipenda kuliko zote ilitoka kwa mzee mstaafu, pale pale msibani, na ilihusu Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera, kitabu alichokitoa Petro Itosi Marealle mwaka 1947. Mzee alikipenda hadi anakigombeza. "Huyu ameandika ya Marangu," alisema. "Kwetu Kibosho mengine hayakuwa hivyo." Kisha akaanza kunieleza kipi, kwa nini, na nani alimhadithia, hadi chakula kikapoa. Nikamuuliza kama basi kitabu ni kibaya. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Mwanangu, kibaya ningekisoma mara tatu?"

Mzee yule amekaa na kitabu muda mrefu mpaka wamezoeana, na watu waliozoeana hukosoana. Shabiki wa Simba anaweza kukwambia beki gani alilala dakika ya themanini, na bado jumapili ijayo atavaa jezi. Ya vitabu tunaidai upole: ukikosoa, unaonekana unamwonea mwandishi wivu, ukisifu, inatosha kusema kikali.

Kwa nini nalivalia njuga jambo hili? Kwa sababu kitabu cha Kiswahili nje ya mtaala kinaishi kwa mdomo wa msomaji, hakina tegemeo lingine. Maduka mengi ya vitabu hapa mjini yanauza daftari, kalamu na vitabu vya kiada, na mwenye duka ana haki: analeta kinachoulizwa. "Kikali" hakimsaidii kujua aagize nini, wala hakimpi mteja sababu ya kutoa hela ambayo ingenunua kilo kadhaa za mchele. Lakini mwambie mtu "kuna mtoto humo anamwita mjomba mtu aliyemchukua kwa deni", na atauliza kinapatikana wapi.

Na kuna mwandishi kijana anayetoa hadithi kwa vipande kwenye simu. Anapata mamia ya "nyingine basi!" na hakuna hata mmoja anayemwambia kwamba mhusika wake alibadilika ghafla sehemu ya tano, au kwamba mazungumzo ya bibi yake yalimliza msomaji. Kijana huyo anashangiliwa kila siku na bado yuko peke yake.

Siwaombi wasomaji wawe wahakiki wa chuo kikuu. Lugha ile ina wenyewe. Naomba wasiimeze sentensi ya pili, maana nimewasikia nusu ya watu niliowauliza wakiwa nayo mdomoni. Nani alikukera? Ulifunga kitabu ukurasa gani? Kwenu ilikuwa tofauti vipi? Ukishayajibu hayo, sema na kikali chako. Nitakuamini.